Chumba Kiko Ukurasa Gani?

Shemeji yangu Léonard ana akili nyingi, na hilo ndilo tatizo lake. Mwenye nyumba kule Makomeno, alikopanga na dada yangu Brigitte miaka ishirini na miwili, alikuwa amewaambia mvua ya kwanza isiwakute kwake. Kiwanja walikuwa nacho, Kasungami, na ndani yake kichuguu kikubwa kuliko kanisa letu. Kwetu Lubumbashi ukiwa na kichuguu una nyumba: unakichimba, unafyatua matofali, unayapanga yawe tanuru, unayachoma, unajenga. Hata mjinga anajua. Léonard akanunua kitabu.

Kilikuwa cha Kifaransa, kimelowa pembeni, chenye picha za majengo ya dunia tangu zamani za kale. Akamwonyesha fundi wake Kakule, mtu mpole wa Butembo anayejenga chochote anachoonyeshwa. Wakakubaliana kukifuata ukurasa kwa ukurasa. Eti historia hairukwi.

Mwezi wa sita waliinua nguzo kumi na mbili za Wagiriki. Mwezi wa saba, tao la Warumi, refu, zuri, lisiloelekea popote. Mwezi wa nane, madirisha ya kanisa yaliyochongoka juu, hayana ukuta, yameegemea nguzo. Kila mara matofali yaliisha, kichuguu kikachimbwa tena, tanuru jipya likawashwa. Brigitte akaenda kuona, nami nikamsindikiza.

“Papa Léonard, chumba iko page ngapi?”

“Tutafika, mama.”

“Minauliza, page ngapi?”

Léonard akafunua mbele, akafunua nyuma. Kakule akamsaidia kutafuta. Kumbe picha zote zilipigwa kwa nje.

“Mama Brigitte,” Kakule akasema kwa adabu, “mu hii kitabu hakuna chumba. Aba bantu balijenga tu inje.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Dada hakucheka. Miaka yote hiyo amelala chini ya dari ya mtu, akiomba ruhusa hata ya kupigilia msumari.

Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa kuba. Kuba linataka matofali elfu arobaini, basi kichuguu chote kilichobaki kikaingia kwenye tanuru moja kubwa, lenye midomo mitatu ya moto ambayo mtu mzima angeingia akiinama. Lilipoanza kupoa, mawingu yakakusanyika upande wa Luano. Léonard akaogopa matofali yataloa. Akachukua mabati yote waliyonunua kwa paa la nyumba, akalifunika tanuru. Yaani tofali limepata paa kabla ya dada yangu! Nilimtukana shemeji yangu siku hiyo, na sijutii.

Mvua ilinyesha Jumamosi saa kumi alasiri. Asubuhi walikuwa wamerudisha funguo Makomeno, nami nikawasaidia kuhama. Godoro, masufuria na kabati vilisimama katikati ya Wagiriki, na Léonard na Kakule wakabishana kama afadhali wavipeleke kwa Warumi. Brigitte akabeba godoro kichwani, akainama, akaingia mdomo wa kati wa tanuru.

“Émerance!” akaniita. “Kuya uone! Umu iko kavu!”

Ilikuwa kweli. Kuta nene, bado zina joto la moto wa juma lililopita. Hakuna hata tone. Dada yangu alikaa kwenye godoro akilia kwa furaha bila kujificha. Kisha akapigilia msumari, akatundika rozari yake.

Léonard akachungulia, kitabu kichwani, maji yanamtiririka. “Mama, lundi, kesho kutwa, Kakule anabomoa. Ni matofari ya dôme, ile kuba.”

“Hakuna tofari hata moja inatoka umu.”

“Mais hii haiko nyumba! Hii style haiko mu kitabu!”

Brigitte akamnyang'anya kitabu, akachana ukurasa wa arobaini na moja, akawashia mbabula, jiko lake la makaa, ili apike pale mdomoni. Léonard akalitazama kuba lake likiungua. Nyuma yake madirisha ya kanisa yakaanza kuangukia katika shimo la kichuguu, moja moja, bila haraka. Hakugeuka. Akavua viatu kama mgeni, akaingia, akapapasa matofali ya juu kwa kiganja.

“Mama,” akasema polepole, “mulango tutaweka ya style gani?”

“Ya kufunga.”