Bangili ya Nekesa Mtoni

Mke wangu Nekesa alikuwa na bangili moja ya shaba aliyopewa na mamake tulipooana. Tulipohamia Kitale mwaka wa arobaini na tisa, nikaandikwa kazi kwenye kiwanda cha ngozi, ile bangili ikaanza kugeuka nyeusi. Asubuhi inang'aa, akitoka mtoni kufua, ni kama imetolewa kwa masizi. Anaisugua na majivu, kesho yake vilevile.

Kwetu Bungoma wanasema bangili ikigeuka nyeusi mkononi, damu ya mwenyewe imeharibika. Hata mimi nilisema hivyo. Akina mama wa kanisa wakaja kumwombea. Nikampeleka kwa mzee mmoja wa mizizi upande wa Ndalu, akatupa dawa ya unga. Nekesa aliichanganya na maji ya mto uleule, akanywa asubuhi na jioni, na mimi nikasimama pale kuhakikisha amemaliza kikombe.

Alikufa mwaka wa hamsini na mbili. Daktari aliandika jina la ugonjwa kwenye karatasi. Sikuweza kulisoma, na hakuna aliyejisumbua kunisomea. Nikamzika nyumbani Bungoma. Bangili nikarudi nayo Kitale kwa sanduku. Mamake akanitumia habari mara mbili: bangili ya mwanangu irudi. Nikajibu nitaileta nikipewa likizo.

Mwaka uliofuata, mzungu mmoja mwenye shamba chini ya kiwanda alilalamika kwamba ng'ombe wake wanakataa maji. Watu tulikuwa tumekunywa miaka minne, hakuna aliyeuliza. Ng'ombe wakakataa siku tatu, dawa ikaletwa. Ilikuwa unga wa rangi ya waridi iliyofifia, ndani ya debe. Kazi ya kuutumia alipewa karani wetu, Ngari, kijana wa Kikuyu aliyezaliwa hapohapo Trans-Nzoia, kwenye shamba la mzungu.

Ngozi mbichi hutolewa nywele kwa chokaa na dawa nyingine kali, na maji yake yananuka mayai viza. Maji hayo yalikuwa yanaenda mtoni moja kwa moja. Sasa yakawa yanaingia kwanza kwenye shimo kubwa la saruji. Ngari anatia unga kidogo, kiasi cha kiganja, halafu sisi wanaume wanne tunayapiga maji kwa makafi tangu asubuhi hadi saa saba, mpaka harufu ife.

"Si uongeze unga tupumzike," Kipketer, mmoja wetu, alimwambia siku ya kwanza. "Mabega yanauma, bana."

"Unga haufanyi kitu peke yake," Ngari akasema. "Huu ni mshenga. Mshenga anaenda kwa huyu, anarudi kwa yule, arusi inafanyika. Yeye haoi. Kesho anatafuta wengine."

"Na bibi arusi ni nani?"

"Ni hiyo sumu."

"Haki huyo bibi ananuka. Bwana ni nani, mwenye moyo hivyo?"

"Hewa. Ndiyo maana mnapiga maji, bwana arusi aingie. Hata ukileta washenga mia, bwana asipokuja hakuna arusi."

Tulicheka. Saa sita Ngari akatoa vikaratasi mfukoni, akachovya kimoja. Kikawa cheusi palepale. Akasema maji bado, yenye sumu hufanya hivyo.

Nikaweka kafi chini. Nikaenda leni, kwenye nyumba za wafanyakazi, nikatoa bangili sandukuni, nikaisugua, nikarudi nikaichovya. Ikawa nyeusi vilevile, mbele ya macho yangu. Haikuwa mkononi mwa mtu yeyote.

"Ya nani hiyo?" Ngari akauliza.

"Ya mtu."

Vikaratasi vilipokwisha, tukapima kwa bangili. Ikibaki na rangi yake, tunafungua mlango wa mtaro, maji yanaenda.

Kisha, kwa ile hali ya hatari iliyotangazwa, malori ya serikali yakaja kuwakusanya Wakikuyu. Ngari alipandishwa na mke wake Kabura na godoro moja. Hakuna kosa alilosomewa. Lori lilipowashwa aliinama, akaniambia, "Mzee Wekoye, msiache kupiga maji."

Hazikupita hata wiki mbili. Meneja alipita pale shimoni, akatuona wanaume wanne na makafi, akaona ni mchezo wa watoto. Nyapara wetu Kiptanui akaja na amri: unga utiwe mara mbili, makafi yawekwe stoo, sisi twende tukabebe ngozi. Meneja, mtu aliyesoma mpaka ng'ambo, na jambo ambalo Kipketer alilielewa kwa mfano wa arusi yeye lilimshinda. Au hakutaka kulielewa. Maji hayo hayakuwa yanaingia kwa birika lake la chai.

Asubuhi iliyofuata shimo lilikuwa limejaa pomoni. Kiptanui akaniambia nifungue mlango.

Nikachovya bangili. Nyeusi. Nikamwonyesha.

"Naona," akasema. "Fungua tu, mzee."

"Niachie mpaka saa saba. Nitapiga peke yangu."

"Wewe peke yako, hili shimo? Utakufa."

"Peris anachota huko chini na watoto wake. Shemeji yangu huyo, mdogo wa marehemu."

Kiptanui akaangalia pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi. Meneja akatokea, akauliza kuna nini, na Kiptanui akamweleza habari ya bangili. Meneja akaishika kwa vidole viwili, akasema kitu kwa Kizungu, akanirudishia.

"Amesemaje?"

"Anasema uioshe."

Kiptanui akafungua mlango mwenyewe.

Nilikuwa nimechoka kuanzia nyayo. Nilivua aproni nikaitundika kwenye msumari, nikashuka kwa njia ya mkato ya mahindi, kwa sababu mtaro unazunguka sana kabla ya kufika mtoni. Nilimkuta Peris na wanawake wengine watano na mitungi yao.

"Msichote," nikasema. "Maji mabaya yanakuja."

"Shemeji, mbona yako sawa?" Peris akasema. "Yanaonekana mazuri tu."

"Amelewa asubuhi," mmoja akanong'ona.

Sikuwa na maneno ya Ngari. Nilisugua bangili na mchanga mpaka ikang'aa, nikaifunga kwa kamba kwenye unyasi, ikaning'inia majini. Nikawaambia wangoje. Wakangoja, wakinisengenya kidogo. Harufu ikafika. Halafu Peris akainama, akaiona ikififia, ikiiva, ikiwa nyeusi.

"Ilikuwa hivi kwa mkono wa dada," akasema.

"Ndiyo."

"Na tukamwombea damu."

Akamwaga mtungi wake. Wengine wakamwaga yao, wakashika njia ya chemchemi, mwendo wa saa nzima.

Siku hiyo nilifutwa kazi. Siku chache baadaye, kabla ya kupanda gari la moshi, nilirudi mtoni kuchukua bangili. Nikamkuta Peris anaisugua na majivu, wanawake wamesimama na mitungi mitupu wakimngojea apime maji. Nikageuka bila kuiomba.

Bungoma nilienda kwa wakwe zangu. Kwa mila yetu, mimi na mama mkwe hatutazamani uso. Alikaa ndani, mimi nje, ukuta katikati.

"Mkwe," akasema, "umeleta kitu changu?"

"Sikuleta, mama."

Nikamweleza yote, na ile dawa ya kikombe pia, ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Nikasikia anasogeza kigoda.

"Wanaisugua kila siku?"

"Kila asubuhi, kabla ya kuchota."

"Wakiacha, uende ukaichukue."

"Nitaenda."

"Basi kunywa uji, uende ukalale. Sauti yako imechoka."

Mkono ukatoa kibuyu mlangoni, ukarudi ndani.