Mnara Uliolala Alasiri

Alasiri, mji unapopunguza maneno, fundi mitambo huilaza minara ya simu. Haendi kokote. Huketi mbele ya skrini, na programu aliyoiandika mwenyewe hutafuta mahali ambapo watu wameacha kuzungumza. Mnara usio na kazi huzimwa antena zake, na mnara jirani huongeza nguvu kidogo ili ubebe kazi ya yote miwili. Kwenye ramani vitone vya kijani hugeuka buluu kimoja kimoja, kama nyumba ambamo watoto wanasinzia chumba baada ya chumba. Jenereta zinanyamaza. Kope za fundi nazo huwa nzito.

"Mbembelezaji wewe," mkuu wa zamu humtania, "iko siku utatulaza na sisi."

Leo waliongeza mnara wa kilimani kwenye orodha ya kulazwa. Programu iliupima kwa dakika za mazungumzo, na alasiri haikukuta hata moja. Ukalala.

Baadaye kidogo mama yake akapiga simu kutoka nyumbani.

"Mwanangu, dada yangu hajabipu."

Mama Mkubwa aliishi peke yake bondeni, nyuma ya kilima. Tangu alazwe hospitalini kwa ajili ya moyo, kila akiamka usingizi wa mchana alimbipu mdogo wake mara moja: nimeamka. Mdogo wake naye alimbipu: nimesikia. Hakuna aliyepokea, na hawakuona haja.

"Labda usingizi umemnogea, Mama."

"Nimempigia, hapatikani. Na ile simu haizimi, anaogopa. Navaa viatu, naenda."

Fundi alikitazama kitone cha kilimani. Kilikuwa buluu, na kwa jinsi alivyokikodolea macho, kilionekana kama kinapumua. Ndipo ilipomjia: simu isiyopokewa haina dakika. Kule alasiri nzima nyumba zilikuwa zikiitana bila kusema neno, na programu ikadhani hakuna mtu. Mawimbi ya mnara jirani nayo yaligonga kilima yakaishia hapo.

Lakini hilo lilieleza ukimya wa simu tu. Halikusema kama Mama Mkubwa ameamka.

"Mama, usikate. Huo mnara nimeulaza mimi."

"Umelaza nini?"

"Ngoja niuamshe."

Mnara hauamki kwa kushtuka. Mitambo hupata moto kwanza, antena hufuata moja moja, kisha simu za bondeni huanza kuutafuta kama watu wanaopapasa swichi gizani. Mkuu wa zamu alikuja akasimama nyuma ya kiti, bila utani. Simuni ilisikika pumzi ya mama tu. Kitone kikawa kijivu, kikabaki hivyo kwa muda mrefu, kikapata ukijani mwembamba.

"Kuna simu inaingia," mama alisema. "Amekata."

"Ni yeye?"

"Kabipu tena. Na tena! Huyu kakasirika huyu." Sauti yake ilikuwa inacheka na kulia pamoja.

"Mpigie basi, Mama, muongee."

"Nimpigie nimwambie nini? Si ameamka?" Akakata, akambipu dada yake.

Fundi aliifungua programu, akaanza kuifundisha kuhesabu na milio isiyopokewa.

"Kilimani hatutaokoa umeme mwingi hivyo," mkuu wa zamu alisema.

"Hatutaokoa," fundi alikubali, akaendelea kuandika.