Meno ya Mama na Jeshi la Plastiki

Mwanamume mzima, mwenye mvi kidevuni na cheo cha mkaguzi wa hesabu, alikuwa amepiga magoti sebuleni akiwapuliza vumbi wanasesere. Alimshika mmoja mmoja kwa ncha za vidole, akamsogeza mdomoni, akampuliza, akamlaza. Mkewe alisimama mlangoni akimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa shati nyuma mbele.

"Si wanasesere," mume alisema bila kuulizwa. "Ni kikosi."

Walikuwa askari wa plastiki, urefu wa kidole gumba, aliowapaka rangi mwenyewe hadi vifungo vya koti, kwa ajili ya mchezo wa vita unaochezwa mezani na watu wazima wenzake wasio na haya. Mkewe alimbandika jina la Jemadari. Yeye akadhani ni sifa.

Safari yenyewe ilikuwa ya harusi ya mdogo wake mke. Jemadari hakuwahi kukubali safari ya ukweni upesi namna ile, na mke alishangaa, mpaka ilipojulikana kwamba katika mji huohuo, siku inayofuata harusi, kulikuwa na mashindano yao. Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

Askari walikuwa na sanduku la ganda gumu. Ndani kulikuwa na sponji nene iliyokatwa vishimo, kila askari na chake, hata mkuki ukachongewa mfereji wake, na joka lao la plastiki nafasi ya mabawa. Miguuni waligundishwa sumaku, na chini ya sponji kukalazwa bati, wasije wakateleza. Suti ya harusi, ambayo nayo ilihitaji huruma kidogo, aliisindilia begini kwa goti.

"Humu," alisema akiligonga ganda, "hata yai linafika zima."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza mkewe. Yeye alikuwa fundi wa meno ya bandia, na kila jioni baada ya kazi alikuwa amebaki karakanani akimchongea mama yake meno ya juu. Mama aling'olewa yote, na tangu hapo hasemi mbele za watu. Akilazimishwa, hunong'ona ameinamisha kichwa. Baba alishafariki, kwa hiyo mama ndiye aliyepaswa kusimama ukumbini kumuusia bibi harusi. "Niletee meno, mwanangu," alisema kwenye simu. "Huyu ni kitinda mimba wangu. Nataka anisikie mimi mwenyewe."

Mke alijua bamba la meno halivumilii kuanguka wala kukandamizwa. Mkoba wake ulikuwa wa kubanwa na kila mtu kwenye foleni. Na katika mambo yote ya mumewe, hilo moja alimwamini: kufunga vitu vidogo. Akayazungushia meno kitambaa chenye unyevu, akayatia kwenye kifuko, akaomba kishimo kimoja. Jemadari alinung'unika kuhusu unyevu na rangi, kisha akampa.

Uwanja wa ndege walikaguliwa langoni, kabla ya kupima mizigo. Mke alikwenda msalani. Aliporudi, sanduku lilikuwa limeshafungwa na mume anatokwa jasho. Begi kubwa likaenda kwa wapagazi. Sanduku lilisafiri mapajani mwa Jemadari, mikono miwili juu yake, na alipoletewa chai aliikataa.

Chumbani kwa mama, mke alifungua sanduku kwanza. Kwenye kishimo cha meno alikuta ubawa wa joka.

"Meno yako wapi?"

"Yapo, usiwe na wasiwasi. Pale langoni walinitolea kila kitu sandukuni, wakati wa kurudisha joka likagoma kuingia. Halafu kile kitambaa chako kina maji. Nikayavisha soksi mbili, nikayatia ndani ya kiatu."

"Kiatu cha kwenye begi kubwa?"

"Soksi mbili, mke wangu."

Bamba lilikuwa limevunjika katikati ya kaakaa, vipande viwili, na jino moja la mbele lilikuwa limejichimbia kwenye ncha ya kiatu. Joka halikuwa na mkwaruzo.

"Gundi ninayo," Jemadari alisema, tayari anapekua. "Hii ilishika mkono wa mpiga upinde wangu mpaka leo."

Mke alitaka kupiga kelele, akaona hata kelele ni heshima asiyostahili. Bamba lile haliungwi kwa gundi; hupikwa upya ndani ya kalibu yenye umbo la kaakaa la mama, na kalibu ilikuwa nyumbani. Karakana za mji ule zilishafungwa, na harusi ilikuwa kesho. Mtu anayejua kutofautisha rangi saba za kijivu alikuwa amemshikia kichupa cha gundi, akisubiri ashukuriwe.

Mama alivipokea vile vipande jikoni, akavigeuza kiganjani, akainamisha kichwa.

"Na askari wake?" alinong'ona.

"Wazima wote, mama."

"Haya. Tumshukuru Mungu kwa askari."

Jemadari alikuja kuomba radhi. "Pole mama, ni ajali tu."

"Ajali, baba," mama alijibu, akampa kisogo na kuendelea kufuta vikombe.

Ukumbini, mshereheshaji alipomwita mama wa bibi harusi, mama alimshika binti yake mkubwa, yule fundi wa meno, kifundo cha mkono, wakasimama pamoja. Mama akawa ananong'ona sikioni, binti anatangaza kwenye kipaza sauti. Mama anasema asanteni. Mama anasema baba yenu angefurahi. Bibi harusi alimtazama mama, akasikiliza sauti ya dada.

Kisha mama akanong'ona maneno mengine, na binti akakawia. Mama akamminya mkono.

"Mama anasema, mwanangu, mapenzi ya sebuleni usiyapime, kila mtu anayaweza. Ngoja msafiri. Siku hiyo angalia ni kitu gani anakifunga kwa sponji, na ni kitu gani anakitia kiatuni. Anasema, ukishaona, usijidanganye kwamba hukuona."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kule nyuma Jemadari naye alicheka sana, akalibana sanduku kwa magoti ili apate mikono yote miwili ya kupigia makofi.