Skrini Nyeusi Siku ya Kutetea

Kosa ni langu, nalisema mapema ili mtu asinisumbue. Nani mwenye akili timamu anasasisha kompyuta saa moja na nusu asubuhi, na saa nne anatetea tasnifu yake ya shahada ya udaktari? Mimi hapa, Hayfa wa mji wa Sfax.

Lakini anayetumia mfumo kama wangu atanielewa. Ni Linux, ya aina ile isiyongoja toleo la mwaka. Kila siku inaletewa vipya, leo kidogo, kesho furushi zima, na ukishazoea unasasisha kama unavyopiga mswaki. Miaka minne nimefanya hivyo na kahawa mkononi. Wakinicheka wenye mifumo mingine, nawaambia waendelee kula viporo vyao.

Asubuhi ile mashine ikaniuliza swali. Sikulisoma. Nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku namsikia mama jikoni akipanga masinia ya vitamutamu vya baklawa, maana kwetu hutetei udaktari bila kuwalisha ukumbi mzima. Nikawasha upya. Nembo ikatokea, ikapotea, na skrini ikawa nyeusi tii.

Nikawasha tena. Nyeusi. Mara ya tatu, nyeusi vilevile.

Slaidi zangu zote zilikuwa humo: picha za chavua ya mizeituni, ramani, majedwali. Nilimaliza kuzirekebisha jana yake jioni na nakala sikuweka popote. Profesa mmoja wa jopo alikuwa ametoka Rabat kwa ajili yangu, na kesho anaondoka. Nisipotetea leo, ni mpaka Oktoba, na kazi ya kufundisha niliyoahidiwa ilitaka cheti mwezi Septemba. Wangempa mwingine, na wala nisingewalaumu.

Mama akaingia na sinia. "Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Kompyuta imekufa, mama."

"Si uazime ya binamu yako Wajdi?"

"Mama, kazi yangu imo humu ndani!"

"Basi ipigepige ubavuni, kama ile televisheni yetu."

Nikaingia jukwaani kwa simu. Jukwaa letu la mtandaoni la watumiaji wa mfumo huu limejaa watu wa Maghreb nzima, wajuzi kweli, na midomo yao ni wembe. Nikaandika: "Skrini nyeusi baada ya kusasisha. Natetea udaktari saa nne. Nisaidieni jamani."

Jibu likaja dakika ileile: "Umesoma tangazo?"

Hiyo ndiyo sheria yetu. Watengenezaji wakibadilisha kitu kizito, wanabandika tangazo kwanza, na ukisasisha bila kulisoma, shauri yako. Aliyejibu alikuwa Lakhdar wa Annaba, ng'ambo ya mpaka, fundi wa reli mstaafu. Mwaka jana aliniumbua mbele ya wote kwa kosa hilihili, nami nikamjibu maneno ambayo mama hajui kama nayajua.

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka. Kisha nikatazama saa, machozi yakanitoka. Nikaandika: "Sijasoma, Ami Lakhdar. Nimekosa. Naomba unisaidie." Wallahi, neno hilo kwa mzee yule lilikuwa chungu kama shubiri. Nikamwekea na namba yangu.

Simu ikalia palepale.

"Kwanza acha kulia," akasema. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kushindana kelele na injini. "Haijafa hiyo. Inafanya kazi gizani. Bonyeza Control, Alt na F3, zote pamoja."

Maandishi meupe yakachomoza, yananiuliza jina na nywila. Nikapiga ukelele, mama nusura aangushe sinia.

"Kadi yako ya picha ni ya zamani?"

"Ndiyo, Ami."

"Tangazo lilisema, wenye kadi hizo watoe kiendeshi walicho nacho, ile programu inayoiongoza kadi, kabla ya kusasisha, waweke kingine kinachowafaa. Wewe umeulizwa kama ubadilishiwe, ukaitikia ndiyo kama bibi harusi. Umepewa kisichoijua kadi yako. Haya, andika."

Akanisomea amri mbili, herufi kwa herufi.

"Nafasi, binti! Hapo pana nafasi!"

"Machozi yananiziba macho, Ami!"

"Na yakuzibe, lakini bonyeza! Sasa inakuuliza nini? Nisomee."

Nikamsomea swali zima, mpaka nukta ya mwisho. Akasema sasa ndiyo niitikie. Mistari ikakimbia, ikasimama. Nikawasha upya, nembo ikaja, giza likarudi. Nikafumba macho, sikutaka kuona.

Mama akanigusa bega. "Wewe, mbona imeleta zile picha zako za vumbi?"

Nilifungua macho, chavua yangu ya mizeituni, ile picha niliyoiweka iwe pambo la skrini, imejaa pote, manjano, nzuri ajabu. Saa mbili na dakika arobaini! Raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Nikamkumbatia mama na sinia lake, baklawa mbili zikaenda chini.

"Nakili kwenye flashi," Lakhdar akafoka simuni. "Mbili! Na ukimaliza huko, nipigie." Akakata kabla sijamshukuru.

Nilitetea kwa muda wa saa mbili nzima. Yule profesa wa Rabat alinibana kuhusu majedwali mpaka jasho likanitiririka mgongoni, lakini nilikuwa nayo ya kumwonyesha. Jopo likatoka, likarudi, mwenyekiti akaniita daktari. Nikacheka na kulia kwa pamoja mbele za watu, wala sikuona haya.

Watu walipoyavamia masinia, nikajibanza dirishani nikampigia Lakhdar.

"Nimefaulu, Ami."

Nikamsikia akiita nyuma yake, sauti imempasuka: "Zoubida! Amefaulu! Njooni, amefaulu!"

Vigelegele vikalipuka kutoka Annaba, vya wanawake watano sita, vinapokezana. Alikuwa amemwambia mkewe, mkewe akawaambia majirani, na tangu saa nne walikuwa wamekaa naye wakiisubiri simu ya mtu wasiyemjua hata sura. Nikaweka sauti juu kabisa, nikainua simu ukumbini, na mama, mdomo umejaa baklawa, akawajibu kwa kigelegele chake.