Mtaalamu wa Majibu Marefu

Mkunga mkuu wa wodi ya wazazi alikuwa na miaka ishirini na sita kazini siku alipoambiwa apimwe na kompyuta. Mratibu wa mafunzo, bwana wa tai na maneno mengi asiyewahi kushika kichanga kilichozaliwa sasa hivi, aliwaeleza wauguzi kwamba mtihani huo wa mtandaoni una akili: ukipata, unakupandishia maswali; ukikosa, unakushushia, mpaka kiwango chako halisi kijulikane.

Swali la tatu lilihusu mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Kabla mkunga hajajibu, akaitwa wodini kwa mama wa namna hiyohiyo. Alirudi baada ya saa nzima, mama yule akiwa salama. Kompyuta haikuwa na habari. Ukimya wake iliuhesabu kuwa makosa, ikamshusha, ikamshusha tena. Sasa ilimwekea picha nne, ikimtaka aonyeshe kipimajoto. Mkunga akasonya, akaondoka.

Kesho yake mratibu akamletea matokeo: ngazi ya mwanzo. Mpaka apande, asizalishe bila kusimamiwa. Mkunga akamweleza alikokuwa. Mratibu akamsikiliza kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu.

"Mama, mfumo haudanganyi," akasema.

"Kudanganya nako kunataka akili, baba."

Akarudi kwenye kompyuta kuurudia mtihani, maana wodini alikuwa akihitajika. Baada ya maswali machache akagundua kwamba jibu sahihi ndilo refu kuliko mengine, kila mara. Hapo akaacha kusoma. Akawa anabonyeza majibu marefu huku akitazama dirishani, na kompyuta ikimpandisha, ikimpongeza kwa nyota na makofi. Dakika kumi na tano hazikufika, akatangazwa mtaalamu.

Mratibu alikuja mbio na kamera. Akawakusanya wauguzi wote, akamwomba mkunga awape siri ya kupanda haraka namna ile.

"Msisome swali," mkunga akawaambia. "Chagueni jibu refu."

Mratibu akacheka, akidhani anataniwa. Wauguzi hawakucheka, walikuwa wakiandika.

Kufikia Ijumaa wodi ilikuwa na wataalamu kumi na mmoja, akiwemo mmoja ambaye mkunga hamwachii hata kukata kitovu. Mratibu aliandika ripoti ndefu kuhusu mafanikio hayo. Mkunga alitia sahihi alipoonyeshwa, bila kuisoma, akaenda kunawa mikono.