Dirisha la Barazani

Siku ya hamsini na saba ya eda yangu, Bi Mwanapili alikuja kutoka Chokocho kunipa pole, akaja na kikohozi chake.

Wifi yangu Rahma, dada wa marehemu mume wangu, akamkalisha karibu na mlango. "Ntoto yuko kitandani kulee," akaniambia. "Hakimfikii."

Kulee kwenyewe hatua sita. Mwanangu Ridha ana miezi mitano, na mwezi uliopita alilazwa kwa mapafu. Daktari alinionya kwamba akipata mafua mengine huenda tusirudi naye nyumbani. Akanieleza pia kuwa pumzi ya mgonjwa huelea chumbani hata mwenyewe akikaa mbali. Nilimweleza Rahma yote hayo. Lakini dirisha la chumba linatazama baraza ya wanaume, na mwenye eda haonekani, basi limefungwa tangu mazishi. Kutoka siwezi, ila kwa hospitali. Kumfukuza aliyekuja kunipa pole siwezi. Kumpeleka Ridha chumba cha pili ni kumtia kwa wageni wengine.

Bi Mwanapili akakohoa, kwa adabu, ndani ya kanga yake. Akakohoa tena. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa moto.

"Rahma, niletee chetezo na ubani."

"Weye na eda yako? Manukato?"

"Si yangu miye. Ya wageni. Weka hapo nlangoni."

Nikampakata Ridha, nikamfunika. Moshi ulipanda miguuni kwa Bi Mwanapili, ukafika darini, ukatambaa chumba kizima, kisha ukashuka taratibu juu ya mto wa mwanangu. Ukakaa hapo.

"Mnauona?" nikasema. "Kikohozi nacho kinapita njia hiyo hiyo tangu adhuhuri."

Bi Mwanapili akaziba mdomo kwa viganja viwili. "Wallahi sikujua, mwanangu."

Rahma aliutazama ule mto. Akavaa buibui lake, akatoka, na mara nikamsikia barazani: "Inukeni nyote! Kaeni nyuma ya nyumba. Na weye Ngwali, mume wangu, uwe wa kwanza!"

Aliporudi alilifungua dirisha kwa mikono yake mwenyewe.

Upepo ukaingia. Moshi ukayumba, ukageuka, ukatoka zake nje kuelekea barabara ya Mtambile. Ridha alikuwa anapumua vizuri kifuani kwangu, na nilimshukuru Mungu. Lakini sitadanganya: ule moshi niliuonea wivu.