Ukuta Nilioufanyia Haraka

Siku hizi watu wakienda mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana, kila mmoja ana simu sikioni. Miaka tisa tu iliyopita tulikuwa tunashuka mtoni alfajiri tukiimba, kila mwanamke na jiwe lake kichwani, na aliyechelewa anachekwa mpaka saa nne. Natamani asubuhi zile zirudi, jamani. Kuna moja ningeirudia nifunge mdomo wangu.

Mimi Kanyiva ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikundi. Tulikuwa tunajenga ukuta wa kuzuia mchanga mtoni, hapa karibu na Mukuyuni, ili maji yabaki ndani ya mchanga na kiangazi tuyachimbe. Ukuta kama huo hupandishwa polepole. Unajenga kidogo, mvua inaleta mchanga mzito, mwaka unaofuata unapandisha tena. Ukiupandisha wote mara moja, linajaa tope, na tope halitoi maji. Nilijua hivyo. Lakini wageni walikuwa wanakuja kutazama, nami nilitaka wakute kazi imekwisha.

Wifi yangu Katunge, mke wa kaka yangu, akaweka karai chini. "Wifi, tungoje mvua moja," akasema kwa adabu tu.

Nami, mbele ya wanawake arobaini, nikamjibu, "Wewe hata darasa la nne hukumaliza, utanifundisha kazi?"

Wengine walicheka. Katunge alichukua jembe lake akaenda nyumbani, na hakurudi.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaenda zao. Mvua ya Novemba ikajaza tope tupu. Kiangazi tulichimba mpaka kucha zikauma, wala hatukupata tone. Tukawa tunatembea kilomita sita na mitungi, na hakuna aliyenilaumu. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Jumapili moja nilipangiwa kusoma kanisani. Ikawa habari ya mfalme Rehoboamu, aliyekataa shauri la wazee, akawajibu watu kwa ukali, akapoteza makabila kumi. Katikati sauti ikanikatika. Watu walidhani ni mafua. Mafua gani.

Mchana uleule nikaenda kwa Katunge, nikamwomba msamaha pale uani. Aliendelea kupepeta pojo zake.

"Hukunitukana hapa," akasema. "Ulinitukana mtoni."

Alikuwa na haki. Basi Jumanne nilikusanya kikundi kizima mtoni, naye akaja, akasimama kando. Nikasema yote: kwamba nilijua ukuta haupandishwi hivyo, kwamba Katunge alisema kweli nikamtukana ili nionekane mkubwa, na kwamba shida ile ya maji niliileta mimi. Nikaomba wampe yeye uongozi, tubomoe safu za juu ili mafuriko yasombe tope.

Nilikuwa nimejiandaa kuzomewa, hata kufukuzwa. Katunge akasogea mbele.

"Na mimi mnisamehe," akawaambia. "Tope lilipojaa, nilifurahi. Niliwaona mkipita na mitungi yenu, nikafurahi."

Nikamshika mkono, nikakuta kiganja kimechubuka kwa mitungi kama changu. Sikuwa nimewahi kujiuliza yeye alikuwa anachota wapi. Alikuwa anatembea kilomita zilezile sita, ila peke yake, kwa sababu yangu.